Mbegu yenye mnyauko haiponi kwa chupa ya bakteria

Usinunue hiyo chupa ya bakteria! Umeandika kwamba msimu uliopita viazi vilinyauka majani yakiwa bado kijani, na sasa unataka kupanda mbegu uliyojiwekea kutoka shamba hilohilo, eti bakteria rafiki watasafisha udongo. Hawasafishi. Ugonjwa uliokunyaushia viazi ni mnyauko bakteria.

Hata mimi, muuzaji mmoja wa pembejeo aliniapia kwamba bakteria wake wanawamaliza wale wabaya. Nikapanda mbegu yangu, nikamwagilia ule mchanganyiko tuta kwa tuta. Mimea ikatoka vizuri, ikafunika matuta. Ilipoanza kuweka viazi ikawa inalegea mchana na kusimama tena jioni, mpaka siku moja haikusimama. Kuchimba, viazi vina udongo ulioganda machoni. Ukikata kimoja unakuta pete ya kahawia, ukikiminya kinatoa ute mweupe. Shamba zima. Nilipomrudia akaniambia sikumwaga wa kutosha! Hakuwa ameniuliza hata mara moja mbegu niliitoa wapi, na hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza kuuliza. Bado nina hasira moyoni mwangu.

Mizizi ya kiazi hutoa sukari na asidi, ndiyo maana bakteria hujazana pale. Baadhi ya akina Pseudomonas na Bacillus ni wa msaada kweli: wanayeyusha fosforasi iliyong'ang'aniwa na udongo, wanatoa homoni za kukuza mizizi, wanawawahi vimelea vya ugonjwa kuchukua madini ya chuma. Sibishani na hayo. Ila Ralstonia solanacearum, yaani bakteria anayeleta mnyauko huu, akishapenya kwenye jeraha la mzizi, anazaliana ndani ya mirija ya maji na kuiziba kwa ute wake. Hao unaowanunua wengi wao wanabaki nje, kwenye udongo. Na kiazi cha mbegu kinaweza kumbeba bila dalili yoyote. Unakipanda naye tayari yumo.

Kama kuna viazi vilivyojiotea shambani, tafuta mche unaoanza kulegea. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha iguse maji, usitikise. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa baada ya dakika chache, jibu umepata.

Tafuta mbegu iliyothibitishwa, kisha tafuta shamba lingine lisilokuwa na viazi, nyanya, biringanya wala pilipili hivi karibuni. Hilo la zamani litie mahindi au ngano, na kila kiazi kinachojiotea kingoe, pamoja na mnavu, maana ugonjwa hujihifadhi humo. Jembe lililolima huko lioshe kabla ya kuingia kwingine.

Nimeona umeuliza pia samadi na nafasi kati ya mashimo. Mbegu kwanza. Hiyo uliyoiweka stoo usipande hata tuta moja, na usimgawie jirani.