Si lazima kukata kila kitu

Pole sana, mdogo wangu. Umeuliza kama mama yenu wa Wete, aliyekutwa na saratani ya mashavu ya uke, lazima aondolewe sehemu yote ya nje. Ile ni njia ya zamani. Siku hizi aghalabu hukatwa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama isiyo na saratani tu. Uvimbe ukiwa mmoja, chini ya sentimita 4, na tezi za manena hazijavimba, penye vifaa huchunguzwa kwanza tezi moja au mbili za mwanzo kupokea maji yatokayo kwenye uvimbe. Zikiwa safi, hazina saratani, nyengine huachwa bila kukatwa, na hatari ya miguu kuvimba maisha (mateso makubwa yale!) hupungua sana. Muulizeni daktari hilo kabla ya kusaini. Akihitaji mionzi, mvusheni hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.