Sindano ya kushusha homoni za kiume: niliyotamani kuambiwa mapema

Nimekulia Nzega katika boma la ng'ombe, na neno kuhasi nililijua kabla sijajua kusoma. Baba alimwita mtu mwenye koleo, dume likaangushwa, mishipa ya korodani ikabanwa juu ya ngozi, na baada ya muda tukawa na maksai mtulivu wa kuvuta plau. Kwa hiyo daktari aliponieleza kwamba saratani yangu ya tezi dume imefika kwenye mifupa na kwamba tiba yake ni kuhasiwa kwa dawa, nilichokiona mbele yangu ni yule maksai. Nilirudi nyumbani Isevya, hapa Tabora mjini, nikakaa wiki tatu bila kumwambia mke wangu lolote, na wiki hizo ndizo ninazozijutia kuliko sindano yenyewe.

Dawa hii haigusi korodani. Katika hali ya kawaida ubongo hutoa kichocheo kidogo kidogo, kwa vipindi, na kichocheo hicho huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, ambayo ndiyo huziamuru korodani kutengeneza testosteroni. Goserelini niliyochomwa hufanana na kichocheo hicho, ila haina mapumziko: ni kipande kidogo kigumu, huingizwa kwa sindano nene chini ya ngozi ya tumbo, na hufanya kazi kwa siku 28 kikiwa cha miligramu 3.6, au wiki 12 kikiwa cha miligramu 10.8. Pituitari ikichochewa mfululizo huchoka na kunyamaza, korodani hukosa amri, na testosteroni, ambayo kwa mwanaume mzima huwa kati ya nanogramu 300 na 1,000 hivi kwa desilita ya damu, hushuka chini ya 50 katika muda wa wiki tatu au nne. Saratani ya tezi dume hustawi kwa homoni hiyo. Daktari Charles Huggins wa Marekani alilionyesha jambo hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa tuzo ya Nobel.

Kabla ya kushuka, hata hivyo, homoni hupanda kwa siku kadhaa. Ndiyo maana nilipewa vidonge vya bikalutamidi, vinavyoizuia homoni hiyo isiichochee saratani, vya kutangulia sindano, nami nikavidhani ni vya maumivu tu, nikaviruka siku mbili. Mgongo ulinifundisha. Mwenye saratani iliyofika kwenye uti wa mgongo asifanye mchezo na vidonge hivyo, na akiona miguu inakosa nguvu au mkojo unagoma, aende hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ndipo mwili hubadilika. Joto hupanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, kisha jasho, kisha baridi. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanguka, nililala sakafuni. Matiti huweza kuuma na kuvimba, misuli hupungua, kitambi huongezeka, sukari hupanda, na mifupa hupoteza uimara wake polepole. Sauti haibadiliki, ingawa jirani mmoja alikuja kunisikiliza kwa makusudi. Mimi hutembea kila asubuhi na kubeba ndoo zangu mwenyewe, kwa kuwa misuli isiyotumika hupotea haraka zaidi, na kila ninapokwenda kupima PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, huomba nipimwe na sukari.

Kinachovunja nyumba ni hiki: haipungui nguvu peke yake, hamu yenyewe huondoka, hata wazo lake halikujii. Mke asiyejua atadhani una mwanamke mwingine. Rafiki aliniletea vumbi la Kongo, nikalikataa, kwani sikujua lina nini ndani yake na moyo wa mtu anayetumia tiba hii unahitaji uangalizi. Mwambie mkeo kabla ya sindano ya kwanza, na ikiwezekana mwende pamoja kwa daktari, ayasikie mwenyewe.

Mwambie pia kwamba hii si adhabu. Mpwa wangu alisoma kwenye simu kuhusu wabakaji wanaohasiwa kwa dawa, akaniuliza kwa aibu kama nina kesi. Ni kweli kwamba jimbo la California liliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1996, ila dawa iliyotajwa humo ni medroksiprojesteroni, nami natibiwa saratani.

Muulize daktari wako kama utachomwa mfululizo au kwa vipindi. Sindano ikisimamishwa, homoni huweza kurudi baada ya miezi mingi, japo kwa sisi wazee wakati mwingine hazirudi zote.