Maswali Yenu: Ngazi za Chakula

Simba na nyangumi wa buluu, nani yuko ngazi ya juu zaidi?

Wanakaribiana. Ukubwa na ukali havihusiki. Kinachohesabiwa ni nani anamla nani. Mimea na mwani, vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ni ngazi ya kwanza. Wanaovila ni ya pili, na wanaowala hao ni ya tatu. Nyangumi wa buluu hula krili, viumbe wadogo mfano wa uduvi, ambao nao hula zaidi mwani. Basi mnyama mkubwa kuliko wote duniani yuko karibu na ngazi ya tatu, kama simba aliyekula pundamilia. Tembo yuko ya pili, pamoja na panzi.

Mbona minyororo ya chakula ni mifupi?

Kwa sababu nishati hupungua vibaya njiani. Mnyama hutumia sehemu kubwa ya alichokula kupumua, kutembea na kutunza joto la mwili. Nyingine hutoka na kinyesi. Kwa makadirio, asilimia 10 tu ndiyo humfikia mlaji anayefuata. Nyasi zikiwa na nishati ya kilojuli 10,000 (kilojuli ni kipimo cha nishati), panzi atabaki na 1,000, chura 100, nyoka 10, mwewe 1. Nani tena ataishi kwa kuwinda mwewe? Mmarekani Raymond Lindeman alieleza mtiririko huu mwaka 1942 baada ya kuchunguza ziwa dogo huko Minnesota. Alifariki akiwa na miaka 26, makala yake ikiwa bado haijatoka. Ila hiyo 10 msiikariri kama amri: kuna mahali hupungua na mahali huzidi.

Binadamu si yuko kileleni?

Hata kidogo. Tunakula nafaka, nyama na samaki, kwa hiyo ngazi yetu huandikwa kwa desimali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria wastani wa dunia kuwa 2.21, jirani kabisa na nguruwe.

Uyoga na bakteria?

Huozesha mabaki ya ngazi zote, ndiyo maana mara nyingi huchorwa pembeni.

Kwa nini papa ana zebaki nyingi kuliko samaki wadogo?

Nishati hupotea, lakini zebaki haitoki mwilini kwa urahisi. Kila samaki mdogo hubeba kidogo; anayewala kwa miaka mingi hurithi ya wote. DDT, dawa ya kuua wadudu, nayo hujilimbikiza hivyohivyo kwenye mafuta ya mwili, na ndiyo iliyofanya maganda ya mayai ya tai yawe membamba hadi kuvunjika kiotani.