Mtoto ana matege, na pesa ya upasuaji hatuna

SWALI: Shikamoo. Tunalima mahindi na maharage huku Arumeru. Mwanetu ana miaka 7, matege yake yanazidi, na hospitali wamesema apasuliwe. Baba yake anataka kuuza nusu ekari. Hakuna njia nyingine?

JIBU: Marahaba, mama, na poleni sana. Shamba lisiuzwe kwanza. Nafanya kazi ustawi wa jamii hospitalini, na kinachoniuma ni mzazi kufika mezani kwangu shamba limeshakwenda.

Rudini mkaombe makadirio ya gharama kwa maandishi, kila kitu na bei yake: vipimo, upasuaji, vyuma, hogo la kufungia mguu, kitanda. Chukueni na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali ya kaya yenu. Pelekeni vyote ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla mtoto hajalazwa. Hospitali za serikali zina utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo, wa gharama yote au sehemu yake. Bili ikishatoka, kuwasaidia kunakuwa kugumu zaidi.

Kwa kuwa mko Arumeru, ulizieni pia Plaster House, pale Arusha. Wanapokea watoto wenye ulemavu unaorekebishika, wa matege wakiwemo, na watoto hukaa hapo wakiuguza miguu baada ya upasuaji. Msaada huo ni mkubwa, maana mkulima hamalizwi na upasuaji tu. Kuna nauli za kliniki, chakula cha anayemuuguza mtoto, na palizi iliyolala nyumbani.

Ila msisubiri misimu ipite. Mtoto akiwa bado anakua, pengine daktari ataweza kumwekea vyuma vidogo pembeni mwa goti, mfupa ukanyooka taratibu kadiri anavyorefuka. Akishamaliza kukua, njia hiyo haipo tena, itabidi mfupa ukatwe.

Halafu mfungue mdomo, umtazame meno. Yakiwa na madoa ya kahawia, mwambieni daktari. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi mno, na magadi tunayotia kwenye maharage yaive upesi huiongeza. Ikizidi, hupindisha mifupa ya mtoto. Ombeni apimwe pia vitamini D na kalsiamu, kwa sababu upungufu wake hutibiwa kwa dawa, na mguu ulionyooshwa unaweza kupinda tena kama chanzo kimeachwa. Magadi yaacheni leo. Maji yake ya kunywa kingeni ya mvua, kwani kuchemsha hakuondoi floraidi.