Kiwanja kinachoshika maji

Dada, umeuliza kwa nini mthamini amekipa kiwanja chako cha hapa Tabora bei ndogo kuliko cha jirani, na ukubwa ni uleule. Nenda mwezi Machi ukaangalie kona ya chini: matete yameota, ukikanyaga unyayo unajaa maji. Kiangazi udongo huohuo mweusi unapasuka. Msingi hapo utameza mawe na kifusi kabla ya tofali la kwanza, na mnunuzi anaikata gharama hiyo kwenye bei. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 za mto, kwa hiyo kama kuna mto karibu, pima umbali kwanza. Ila usikiuze kwa hasira, tafadhali! Kwa majaruba ya mpunga, maji hayo ni mali.