Kwa nini maua ya msituni huwahi kuchanua kabla miti haijatoa majani
Sababu kuu ni mwanga, wala si joto peke yake. Mimea midogo inayochanua kando ya njia za msituni mwanzoni mwa majira ya kuchipua huota chini ya miti inayopukutisha majani, na ina wiki chache tu za kupata jua kabla matawi hayajajaa majani mapya na kuifunika ardhi kwa kivuli. Huweza kuwahi hivyo kwa kuwa imehifadhi chakula tangu mwaka uliotangulia katika matunguu au mashina yaliyomo udongoni. Akiba hiyo hujengwa polepole: triliamu, mmea mdogo wa maua wa misitu ya Amerika ya Kaskazini, kwa mfano, huweza kuchukua miaka 7 au zaidi tangu mbegu kuota hadi kutoa ua la kwanza, na kwa kuwa majani yake yako karibu kabisa na ua, anayelichuma mara nyingi huyang’oa yote pamoja na kuuacha mmea bila majani ya kujenga akiba, jambo ambalo wapita njia wengi hawalifikirii. Maelezo haya, hata hivyo, hayahusu misitu ya misonobari, ambako kivuli hudumu mwaka mzima.