Usitafute "Kazi ya Walemavu"

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupokea simu. Nilipoteza uoni nikiwa na miaka 19, nikajifunza nukta nundu, nikajifunza kutembea na fimbo nyeupe, na kila aliyenionea huruma alinipa ushauri uleule: tafuta swichibodi, ule mtambo wa kupokea na kuunganisha simu za ofisi, hiyo ndiyo kazi ya wasioona. Hawakuitoa hewani. Kwa miongo mingi, katika nchi nyingi, swichibodi ilikuwa mojawapo ya kazi chache ambazo mtu asiyeona aliandaliwa kuzifanya, sambamba na kusuka vikapu, kukanda misuli na kurekebisha sauti za piano.

Niliipenda. Nilikuwa na namba za ndani za ofisi nzima kichwani, na nilimjua mpigaji kabla hajamaliza kusalimia. Kisha ofisi ikanunua mtambo unaojipokelea wenyewe: kwa mauzo bonyeza moja, kwa malalamiko bonyeza mbili. Wenzangu wawili wanaoona walihamishiwa idara nyingine. Mimi nilipewa barua ya shukrani. Hakuna aliyewaza kwamba naweza kukaa kwenye dawati tofauti, na nikiri hapa kwamba hata mimi sikuwaza.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu bado napokea swali moja kutoka kwa vijana wenye ulemavu na wazazi wao: "Ni kazi gani zinazotufaa?" Wanataka orodha. Mimi nilikuwa ndani ya orodha hiyo, na ilipopitwa na wakati nilipitwa nayo. Kazi iliyotengwa kwa ajili ya kundi fulani huwa ni nyembamba, haina ngazi ya kupanda, na ikifa hufa na kundi zima.

Siku hizi badala ya kuuliza kama kazi inafaa, naichambua kwa vitendo. Chukua tangazo lolote na uandike chini mambo ambayo mtu huyo atayafanya kuanzia asubuhi hadi jioni. Karani wa stoo, kwa mfano: anapokea hati, anajaza lahajedwali (majedwali ya kompyuta, kama ya Excel), anapiga simu kwa wasambazaji, anahesabu mzigo, mara moja kwa wiki anahamisha maboksi. Mwajiri akimwona mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, macho yake huenda moja kwa moja kwenye maboksi. Ukiwa umeichambua kazi mapema, unaweza kumwonyesha kwamba maboksi ni saa mbili kwa wiki, na kwamba unaweza kubadilishana na mwenzako anayechukia lahajedwali. Wako wengi wanaoichukia lahajedwali, niamini.

Baada ya swichibodi niliingia kwenye unukuzi, yaani kusikiliza mikutano na mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Sikio langu lilikuwa limenolewa na zile simu, na kwenye kibodi nilikuwa mwepesi. Ilinilisha miaka kadhaa. Kisha zikaja programu za kugeuza sauti kuwa maandishi, kwanza mbovu za kuchekesha, halafu nzuri za kutisha.

Safari hii sikusubiri barua ya shukrani. Nilianza kuitumia mashine hiyo kabla wateja wangu hawajaizoea, nikajua inapoteleza: watu wawili wakizungumza kwa pamoja, majina ya watu, mtu anayechanganya lugha mbili katika sentensi moja, na pale ambapo "hatukukubali" inasikika kama "tulikubali". Nikawaambia wateja: leteni kilichoandikwa na mashine, mimi nitakisahihisha. Malipo kwa kila faili yalishuka, saa za kazi zikashuka pia, na muda uliobaki nikautumia kujifunza kitu kingine. Huo muda ndio ulioniokoa.

Kitu hicho kingine kilianza kwa hasira. Kulikuwa na tovuti ya huduma fulani niliyolazimika kuitumia, na kila ukurasa programu yangu ya kusoma skrini ilikuwa ikinitamkia: "kitufe, kitufe, kitufe." Hakuna kitufe chenye jina. Nilikuwa tayari kuwaandikia barua ya kuwasema, nikabadili nia katikati. Nikaorodhesha kila kitufe, kiko wapi, kinafanya nini, na mtu asiyeona anakwama vipi akikifikia. Niliwatumia. Wiki tatu baadaye wakaniuliza kama naweza kuikagua tovuti iliyobaki, kwa malipo. Mpaka leo ukaguzi wa namna hiyo ndio sehemu kubwa ya kipato changu.

Si lazima kazi yako ihusu ulemavu wako, na ningependa wengi wetu tuwe wahasibu na mafundi mitambo kuliko kuwa wataalamu wa kueleza maisha yetu. Ila ukiona mlango huu unakuvutia, hauna kiingilio. Miongozo ya ufikivu wa tovuti, yaani jinsi ya kuzijenga ili watu wenye ulemavu waweze kuzitumia, iitwayo WCAG ilitoka mara ya kwanza mwaka 1999, toleo la 2.2 likatoka 2023, na yote inasomwa bure. Programu ya NVDA inayosoma skrini ya kompyuta ni bure pia. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote hawaoni, kwa sababu programu za kulipia zilikuwa ghali mno. Simu janja nazo zina kisoma skrini ndani yake tangu mwaka 2009. Nilipoanza mimi, kupata zana ilikuwa nusu ya vita. Sasa zana ipo mfukoni na kilichobaki ni kuijua kwa undani. Hapo wengi wetu tunajidanganya. Kujua kufungua ujumbe kwa kisoma skrini si sawa na kuweza kujaza lahajedwali ya safu 40 mbele ya bosi aliyesimama nyuma yako.

Sasa tuje kwenye jambo ninaloulizwa zaidi: niseme lini kwamba nina ulemavu?

Nimejaribu njia zote. Nimewahi kuuandika mstari wa kwanza wa wasifu, nikakaa bila kuitwa. Nimewahi kuuficha hadi mlangoni, nikaona, au tuseme nikasikia, jinsi chumba kizima kinavyonyamaza fimbo inapotangulia. Usaili mmoja nilikwenda na mdogo wangu wa kike kwa sababu jengo lilikuwa geni kwangu. Msaili akamgeukia yeye. "Dada, huyu kaka yako anaweza kupanda ngazi?" Mdogo wangu akamjibu, "Mwulize mwenyewe, amepanda sasa hivi." Tulicheka wote, kazi sikupata.

Tangu siku hiyo anayenisindikiza anaishia mapokezi. Na nimetulia kwenye utaratibu huu: kwenye wasifu sisemi. Nikiitwa usaili, najibu nikishukuru, nathibitisha siku na saa, kisha naandika mistari miwili: kwamba sioni, kwamba natumia kompyuta yenye kisoma skrini, na kwamba kama kuna jaribio naomba liwe kwenye faili, si kwenye karatasi. Basi. Siandiki historia ya macho yangu. Mwajiri anapata siku mbili tatu za kushangaa akiwa peke yake, na mimi nikifika tunazungumza kazi.

Mwenye ulemavu usioonekana ana hesabu tofauti. Kifafa, maumivu ya kudumu, msongo wa akili, usonji: hapo hakuna fimbo ya kukusemea, na hulazimiki kumweleza kila mtu. Rafiki yangu mwenye maumivu ya mgongo alisubiri hadi alipopata barua ya ajira ndipo akaomba meza ya kusimamia na mapumziko mafupi. Naona alifanya sawa. Ninachosisitiza ni kwamba ukisema, sema pamoja na unachokihitaji. "Sisikii vizuri" inamwacha mwajiri na wasiwasi. "Sisikii vizuri, kwa hiyo naomba mikutano ya video iwe na manukuu, yaani maneno yanayosemwa yaandikwe kwenye skrini, na ajenda nitumiwe mapema" inampa kazi ya dakika tano.

Na unachoomba si fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika 2008, una kifungu cha 27 kinachohusu kazi. Kinadai marekebisho yanayofaa mahali pa kazi, na mkataba wenyewe unaeleza kwamba kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi, isipokuwa yawe mzigo uliopita kiasi. Soma sheria ya nchi yako uone imeubeba vipi. Kuhusu gharama, ambayo ndiyo hofu ya kila mwajiri: Marekani kuna huduma iitwayo Job Accommodation Network ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwauliza waajiri walitumia kiasi gani, na takriban nusu yao au zaidi hujibu kwamba hawakutumia chochote. Ilikuwa ni kubadili saa ya kuingia au kuhamisha dawati.

Kuna nchi zilizoweka viwango kwa sheria. Ujerumani mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 5 wawe watu wenye ulemavu mkubwa. Ufaransa ni asilimia 6. Asiyefikia analipa ada. Naziunga mkono sheria hizo, lakini namfahamu mtu aliyeajiriwa ili kujaza idadi. Alipewa meza, kompyuta, mshahara, na hakupewa kazi. Mwaka wa pili aliondoka kwa sababu ujuzi wake ulikuwa ukioza. Ukiwa kwenye usaili wa namna hiyo uliza swali moja: nitapimwa kwa kitu gani baada ya miezi sita? Wakikosa jibu, wamekwishakujibu.

Kufanya kazi nyumbani. Mwaka 2020, korona ilipofunga ofisi, waajiri waliokuwa wakituambia haiwezekani waligundua ndani ya wiki mbili kwamba inawezekana, na hilo bado linaniuma kidogo. Kwa mtu ambaye safari ya kwenda kazini inamla nguvu kuliko kazi yenyewe, ni ukombozi. Lakini angalia. Wengi wetu tunatoka katika familia zilizowahi kutuficha chumba cha nyuma wageni wakija. Sasa mwajiri anaweza kukuficha chumba hichohicho na akakulipa mshahara. Anayekutana na bosi kwenye korido ndiye anayekumbukwa nafasi ikitokea. Ukifanya kazi nyumbani, omba siku chache za ofisini hata kama unaweza kuzikwepa, na kwenye mkutano wa video uwe na neno la kusema.

Vibarua vya mtandaoni vinavyolipwa kwa kipande navichukulia kama ngazi fupi. Vinakupa sampuli za kazi na wateja wa kukutolea ushuhuda. Havikupi likizo ya ugonjwa, na saa inayohesabu muda haijui kwamba unaandika kwa kidole kimoja au kwa sauti. Atakayekudai ada ya usajili kabla ya kukupa kazi ni tapeli, hata akijiita mpenda walemavu. Hasa akijiita hivyo.

Akili mnemba (AI) je? Kwangu imekuwa rafiki mwenye mdomo mrefu. Inanieleza picha, inanisomea risiti, inanipangia barua. Siku moja ilinisomea jedwali na kubadilisha tarakimu mbili bila kusita, na ningetuma hesabu ile kwa mteja kama nisingekuwa na mazoea ya kuhakiki kwa njia ya pili. Kwenye usaili ni hatari zaidi. Kuna waajiri wanaotumia mashine kupima video za waombaji au kuwapa majaribio yenye muda mkali, na mashine iliyozoeshwa kwa watu wanaomtazama mtu machoni na kuongea bila kukwama haitamwelewa mwenye kigugumizi wala mwenye usonji. Ukitumiwa kiungo cha namna hiyo, jibu kwa maandishi kabla ya kukifungua: omba muda wa ziada au mahojiano na mtu. Nimeomba mara tano, nimekubaliwa mara tatu. Usisubiri ushindwe ndipo ueleze, maana kufikia hapo mashine imeshakuweka pembeni na hakuna anayesoma barua yako.

Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye mkono mmoja alinipigia simu. Shikamoo, kaka, kisha swali lilelile: kazi gani zinanifaa? Nikamwuliza anapenda nini. Mahesabu. Nikamwuliza anakwama wapi kwenye kompyuta. Akasema vile vitufe vya kubonyeza kwa pamoja, viwili au vitatu; kimoja kiko huku, kingine kule, na yeye hulazimika kutumia kidevu.

"Mdogo wangu, unatumia Windows?"

"Ndiyo."

"Gonga Shift mara tano mfululizo."

Nikasikia ile sauti ya kompyuta upande wa pili. Kinafunguka kidirisha kinachouliza kama unataka kuwasha kipengele cha kubonyeza kitufe kimoja baada ya kingine, na kompyuta ikavihesabu kana kwamba umevibonyeza pamoja. Akakaa kimya muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika.

"Kaka," akasema, "hiki kidirisha kinanitokea kila siku. Nimekuwa nikikifunga miaka minne."